Mkwe Aliyefika kwa Maji: Wasifu wa Mzee Vincent Kisyeri Wangwe (1958–2023)

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, wakwe zetu mliotoka kisiwani, majirani wa Kemambo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza ndugu yetu: poleni, na asanteni. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na dada yake mdogo, Rhobi. Rafiki yake Machage aliomba sana ausome yeye, lakini marehemu alishakataa angali hai. Alisema, "Mkimwachia Machage, kabla hajafika ukurasa wa pili mashua yangu itakuwa meli ya abiria." Kwa hiyo Machage atakaa hapo alipo, atasikiliza, na tutakapokosea atakohoa.

Marehemu Mzee Vincent Kisyeri Wangwe alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa hapa Kemambo, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wangwe Nyangwine na Mama Robi, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa sana kutembea. Si kwamba miguu ilikuwa dhaifu. Alikuwa akisimama, anainama, anaipapasa ardhi kwa kiganja, kisha anakaa tena. Bibi akasema mwacheni, huyu ni mzee, anakagua kwanza. Na kweli, siku alipoamua kutembea alikwenda moja kwa moja mpaka zizini bila kuanguka.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule ya msingi ya hapa kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1973. Hesabu zilimkubali na kazi za mikono zilimpenda, ila yeye na Kiingereza walikosana mapema na hawakupatana mpaka mwisho. Huko shuleni ndiko watu walikoiona tabia yake iliyokuja kujulikana Tarime nzima: hakukalia kitu chochote cha mbao kabla hajakigonga kwa vifundo vya vidole na kutega sikio. Mwalimu wake akamuuliza siku moja anambishia hodi nani. Akajibu, "Fundi, mwalimu. Nataka kujua kama alikuwepo kweli." Alipewa adhabu ya kumwagilia maua, akayamwagilia kwa moyo mweupe.

Baada ya shule alichunga ng'ombe wa baba yetu mdogo, ng'ambo ya Mto Mara upande wa Serengeti. Miaka ile mamba alikamata ndama mbele ya macho yake pale kivukoni, na kuanzia siku hiyo Kisyeri na maji wakawa na mpaka. Maji ya kunywa, sawa. Maji ya kuoga, ya kwenye beseni. Zaidi ya hapo alikuwa na msemo wake: "Maji hayana mpini. Kitu kisicho na mpini utakishika wapi?" Hakujifunza kuogelea. Tunalisema hili mapema kwa sababu yote yanayofuata yametoka hapo.

Mwaka 1984 dhahabu iliwaita watu, naye akaitika. Waliokuwepo wanakumbuka. Vilima vya Nyamongo vilijaa vijana wa kila kabila, makambi ya maturubai yakaota kama uyoga, na mtu aliyelala mkulima aliamka mchimbaji. Kila mmoja alikuwa na duara lake, yaani shimo lake, na kila mmoja aliota usiku kwamba mawe yake yanang'aa. Kisyeri hakuwa mwepesi wa kuota. Yeye alikuwa fundi wa matimba, ile miti inayofungwa ndani ya duara ili kuta zisimwangukie mtu. Wengine walitazama mwamba, yeye alitazama miti. Alipita akigonga mti mmoja baada ya mwingine, na alikuwa akisema mti mzima unajibu, mti mbovu unanyamaza. Sheria yake ilikuwa moja na haikujadiliwa: haingii ndani ya kitu ambacho hakukifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake. Wachimbaji walimtania kwamba ni mwoga. Alikubali. "Ndiyo, naogopa," alisema, "na wanangu watakuja kumshukuru Mungu kwa huo woga."

Hao wanawe walikuwa bado hawajapata mama. Mama yao alifika mwaka 1985 akitokea upande wa ziwa, amebeba dagaa na sato wa kukaanga wa kuwauzia wachimbaji. Jina lake Felistas Akech, binti wa Kijaluo, mwenye genge safi na ulimi usiokawia. Kisyeri alikwenda kula samaki. Kabla hajakaa, akaligonga benchi. Akasikiliza. Akaligonga tena. Felistas akaweka mwiko chini, akamwambia, "Kaka, umekuja kununua samaki au benchi?" Kisyeri akasema benchi lina mguu unaonyamaza, akaomba nyundo, akaukaza, ndipo akakaa. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila siku akakuta kuna kitu kingine kimelegea. Felistas alikuja kugundua baadaye kwamba vingine alivilegeza mwenyewe jioni ili apate kuvikaza kesho.

Sasa, wakwe zetu hawa si watu wa nchi kavu. Kwao ni kisiwani, mbele ya Sota kule Shirati, ambako siku zile bado kuliitwa Tarime, wilaya ya Rorya haijazaliwa. Ng'ombe wa mahari walipokelewa Sota kwa mjomba bila shida yoyote. Shida ilikuwa bwana harusi mtarajiwa, ambaye kwa heshima ilimpasa avuke akaonekane kwa mama mkwe wake, Bibi Adhiambo. Ilikuwa Septemba 1986. Alipandishwa kwenye mashua ya shemeji yake Olima, kaka wa Felistas. Aliigonga, ikajibu, lakini hakuwa ameifunga yeye. Upepo ulipolijaza tanga na chombo kikalala ubavu, Kisyeri alikumbatia mlingoti, akafumba macho, akamwita mama yetu kwa jina lake la Kikurya mpaka wakafika. Ufukweni wakwe wote wamejipanga kwa nguo za sherehe. Ilibidi vidole vyake vibanduliwe kimoja kimoja kwenye mlingoti. Kisha, mbele ya mama mkwe, akatapika.

Wakurya wenzangu mnajua uzito wa hilo. Kwa mila yetu, na kwa mila ya wakwe zetu vilevile, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye karibu, hali mbele yake; sasa huyu amemwaga chakula miguuni pake. Bibi Adhiambo, kwa utu wake, akageuka akatazama ziwa kana kwamba ameona kitu cha maana huko. Na mambo hayakuishia hapo, kwa sababu aliyefika kisiwani lazima aondoke, na Kisyeri alikataa kabisa kupanda tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi walimpa jembe kweli, akalima shamba la muhogo la wakwe kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akihubiri kwamba anasubiri ziwa litulie. Mwishowe Olima alimlaza sakafuni mwa mashua, akamfunika blanketi gubigubi, akamrudisha Sota kama gunia la mkaa.

Tulidhani ndoa imevunjika. Felistas aliulizwa na shangazi zake kama bado anamtaka yule mwanaume wa blanketi. Akasema, "Mwanaume anayeogopa na akakubali aonekane anaogopa, huyo hatanidanganya kwa kitu." Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 27 Desemba 1986, kanisani Tarime. Siku hiyo hiyo, mbele ya wazee, Kisyeri alitoa ahadi ambayo hakuna aliyemwomba: hatakanyaga tena kwa wakwe mpaka afike kwa maji, macho wazi, ndani ya mashua aliyoifunga mwenyewe. Mama mkwe alitumiwa habari. Alijibu kwa kifupi kwamba atasubiri, na kwamba mpaka siku hiyo hatahesabu kuwa ana mkwe.

Hiyo ndiyo ilikuwa mashua. Haikuwa kazi, maana hakuna aliyemlipa, na kilima cha Kemambo hakina ziwa. Ilikuwa mchezo wake na deni la heshima yake kwa wakati mmoja. Kila Felistas alipokwenda kwao na watoto, Kisyeri aliwasindikiza mpaka Sota, anabaki ufukweni na mzigo wake wa aibu, wao wanavuka. Siku zile za kungoja alizitumia kuwatazama mafundi wa mashua: wanavyolaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, wanavyosimamisha mbavu, wanavyopandisha mbao. Alipima kwa mikono na kwa kamba, akagonga mashua za watu mpaka wakamzoea. Akarudi nyumbani akiwa na wazo moja lililomfurahisha kuliko dhahabu. "Rhobi," aliniambia, "mashua ni duara tu. Kule udongo unasukuma kuingia ndani, huku maji yanasukuma kuingia ndani. Mimi kazi yangu ni kumzuia mtu anayesukuma."

Mwaka 1988 mvule wa baba yetu uliangushwa na upepo, naye akaupasua mbao. Kila Jumapili baada ya ibada, na kila alasiri ambayo duara lilipumzika, alikuwa uani kwake na tezo na randa. Wapita njia walisimama. Wengine walikuwa wakikimbilia vilimani na sururu begani, na hapo njiani wanamkuta Mkurya anachonga chombo cha majini. Walimwita Nuhu. Walimuuliza gharika ni lini. Yeye aliwaambia, "Wahini ninyi, msichelewe, dhahabu itahama," akaendelea kuranda.

Ila kosa alilifanya, na lilikuwa kosa la kwetu. Olima alishamwagiza: misumari, na pamba ya kuziba mianya. Kisyeri akasema misumari inashika kutu, na kwamba ngoma ya babu ilifungwa kwa ngozi ya ng'ombe, kitanda cha babu kwa ngozi, ngao ya babu kwa ngozi, na vyote vimemzika babu mwenyewe. Akashona mashua nzima kwa kamba za ngozi mbichi. Zilipokauka zilikaza mpaka mbao zikalia. Mbwa wa mtaa walikuwa wa kwanza kumshauri, maana walizitafuna kamba za chini, naye badala ya kusikia ushauri akafunga mbwa. Mkurya yeyote anajua ngozi ikilowa inalegea. Yeye alijua. Baba alijua. Mimi ninayesoma nilijua. Lakini katika maisha yetu hatujawahi kufunga kitu kwa ngozi ili kikae ndani ya maji, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyelikumbuka.

Agosti 1992 mashua ilikokotwa na ng'ombe wa kulimia mpaka Mto Mara kwa majaribio, kijiji kizima kikifuata kwa nyimbo. Machage ndiye aliyekuwa abiria. Walisukuma kwa upondo, wakateleza vizuri, na Kisyeri alikuwa amefumbua macho, jambo ambalo sisi tuliokuwa ukingoni tulilipigia vigelegele. Walipofika katikati, kamba zikanywa maji. Mashua haikuzama. Ilifunguka taratibu, ubao mmoja huku, ubao mmoja kule, kama kabichi. Kila mmoja alikumbatia ubao wake, wakasukumwa na maji mpaka ng'ambo. Kwa hiyo ni kweli kwamba chombo kile kilitoka Tarime kikafika Serengeti, ila kilifika kwa vipande. Wakazunguka kwa mguu mpaka darajani, wakarudi jioni wamelowa chapachapa. Akina mama njiani wakauliza, "Mura, kijana wetu, mashua iko wapi?" Kisyeri akajibu, "Imetangulia."

Alizifuata mbao zile kwenye matete kwa wiki kadhaa, akazipata karibu zote. Safari hii alimsikiliza Olima. Alipiga misumari, akaziba mianya kwa pamba na mafuta, na kufikia Pasaka ya mwaka 1994 mashua ilikuwa tayari uani, imebaki tanga tu. Lori lilishaombwa. Felistas alishasaga unga wa safari. Kule kisiwani Bibi Adhiambo alituma salamu kwa Olima: "Mwambieni mume wa binti yangu mimi sina haraka, lakini magoti yangu yana haraka."

Wiki hiyo mvua haikukatika. Duara ambalo Machage na wenzake walikuwa wakichimba lilianza kumomonyoka, na Machage akiwa chini na wenzake wawili. Kisyeri aliitwa. Aligonga matimba ya juu, hayakujibu. Ilitakiwa miti mikavu na mizito, tena sasa hivi, na vilima vyetu vyote vilikuwa uchi, maana miaka kumi ya dhahabu ilikuwa imeshameza miti yote chini ya ardhi. Mbao kavu za mvule zilikuwa mahali pamoja tu. Alirudi mbio nyumbani. Felistas alimwona anavyoitazama mashua, akaitazama na yeye. Alichukua nyundo, akaanza kung'oa misumari upande wa pili.

Waliivunja wote wawili, mbavu kwa mbavu, na kabla ya jua kuzama mashua yote ilikuwa ndani ya duara. Kisyeri alishuka nayo mwenyewe akiifunga hatua kwa hatua. Walitoka wote watatu wazima. Machage alipofika juu, tope mpaka kwenye kope, alisema, "Hii ni mara ya pili napanda mashua yako, Kisyeri, na leo haikuvuja." Watu walicheka huku wanalia. Kisyeri naye alicheka, lakini Felistas anasema alipofika nyumbani alikaa pale uani palipokuwa na mashua, akaugonga udongo kwa vidole, na hapo ndipo alipolia. Mbao zile hazikutolewa. Ziko chini mpaka leo.

Baada ya hapo kilitokea kitu ambacho familia haitakisahau. Wale waliomwita Nuhu walianza kuja mmoja mmoja. Huyu analeta ubao kutoka Sirari kwa ndugu zake, yule analeta misumari, mwingine haleti kitu ila mikono yake miwili, na kwa wachimbaji mikono si kitu kidogo. Tanga lilikuwa halipo, na kitambaa cha tanga hakikupatikana. Basi wachimbaji wakaleta maturubai ya makambi yao. Kila aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, Geita, Kahama, Migori, alikata kipande akakileta kwa Felistas. Felistas aliviunga kwa sindano ya gunia: kijani, bluu, kahawia, na kipande kimoja chenye tundu la cheche za jiko ambalo alilishonea kiraka chenye umbo la samaki. Ndiyo maana tanga la mashua ile halikufanana na tanga lolote ziwani.

Mashua ya pili ilipakiwa kwenye lori mwezi Novemba 1996. Kisyeri alikaa Sota mwezi mzima akifundishwa na Olima kushika usukani kwenye maji ya kina kifupi. Jumamosi, tarehe 28 Desemba 1996, miaka kumi na siku moja tangu ndoa yake, alivuka. Usukani aliushika yeye, kamba ya tanga aliishika Felistas, na Olima alifuata nyuma kwa mashua yake kama askari wa msafara. Kisyeri aliimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kuanzia Sota mpaka kisiwani, kwa sababu, alisema, akibadilisha ubeti atakumbuka yuko wapi. Lakini macho yalikuwa wazi. Wakwe wote walikuwa ufukweni, na wote ni mashahidi.

Bibi Adhiambo alisogea. Hakumtazama mkwe wake. Aliinama, akaigonga mashua kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, kisha akasema kwa Kijaluo, na Felistas akatafsiri: "Imejibu. Sasa nina mkwe." Tulidhani yameisha. Kumbe mama alikuwa amevaa nguo za safari. Alipandisha gauni lake kidogo, akaingia, akakaa mbele kabisa. "Nipelekeni Sota sokoni," akasema.

Hapo ikawa kazi. Ndani ya mashua ndogo vile, mkwe na mama mkwe watakaaje bila kuvunja mila? Wazee walikuna vichwa. Ni Felistas aliyepata dawa: alilishusha tanga kidogo likaning'inia kama pazia katikati, upepo bado unalisukuma, mama upande wa mbele, mkwe upande wa nyuma, naye Felistas pale katikati na kamba yake. Heshima ilitimia, ila sasa nahodha alikuwa haoni mbele. Basi ndivyo walivyovuka: Bibi anasema kulia, Felistas anatafsiri, Kisyeri anakata kulia kwa imani tu. Alituambia baadaye kwamba hajawahi kumwamini mtu kiasi kile. Na tangu mwaka ule, kila Desemba, walivuka hivyo hivyo kwenda sokoni, na kila Desemba Kisyeri aliogopa upya. Woga haukumtoka. Alizoea kusafiri nao.

Dhahabu ya watu wadogo ilipopungua, marehemu alirudi kwenye kilimo na useremala hapa Kemambo. Alikuwa mzee wa kanisa, na madawati ya shule mnayoyaona pale ni mikono yake. Mashua aliiacha Sota kwa Olima ivue samaki na kuvusha wagonjwa. (Machage amekohoa. Anataka isemwe kwamba ilivusha pia bwana harusi mmoja, amekumbatia mlingoti, na Kisyeri akamwambia, "Shika tu, mwanangu, huo niliufunga mimi.")

Mwaka 2020 kifua kilianza kumsumbua, lile vumbi la mashimoni likidai chake. Alitibiwa Tarime, Musoma na Mwanza, na familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi. Hata wodini hakuacha tabia yake. Aligonga kitanda, kikanyamaza, akaomba bisibisi. Muuguzi alimwambia, "Baba, wewe ni mgonjwa." Akamjibu, "Mimi ndiyo, lakini kitanda si lazima kiwe mgonjwa pia." Alipewa bisibisi. Alifariki dunia kwa utulivu alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Felistas.

Jambo moja lilitutesa siku hizi nne. Ndugu yetu, ukiondoa ile mashua ya Olima, hakuwahi kuingia ndani ya kitu ambacho hakukifunga mwenyewe, na hiki cha leo hakuweza kukifunga. Mwanawe Wangwe, aliyemfundisha useremala, amekataa jeneza la dukani, amelitengeneza hili kwa mvule. Asubuhi ya leo Machage amepiga magoti, akaligonga pande zote, kona kwa kona, amelitegea sikio. Limejibu.

Marehemu ameacha mjane, Felistas Akech, watoto wanne, Regina, Wangwe, Okello na Robi, wajukuu tisa, dada mmoja mwenye maneno mengi, rafiki mmoja mwenye kikohozi, shemeji yake Olima, mama mkwe wake, Bibi Adhiambo, na mashua moja, iliyofungwa Sota tangu Jumanne, mlingoti mtupu.

Mlingoti ni mtupu kwa sababu Bibi Adhiambo, ambaye sasa ana miaka themanini na tisa, aliposikia habari aliagiza tanga lishushwe. Alisema mkwe wake hatazikwa chini ya turubai la kukodi. Amevuka kwa mashua ya mtu mwingine, akalichukua Sota, akapanda nalo gari mpaka huku, amelipakata mapajani. Tazameni juu, ndugu zangu. Ndilo hilo mlilokaa chini yake tangu asubuhi. Kile kiraka chenye umbo la samaki kiko pale juu ya jeneza, na wale wa makambi ya zamani mtaviona vipande vyenu.

Miaka yote tanga hili lilikaa kati yake na mama mkwe wake, ili heshima isivunjike. Leo limewafunika wote wawili.

Safari njema, kaka. Umefungwa vizuri, usiwe na wasiwasi. Ulale pakavu, na ulale kwa amani.